Matembezi ya usiku kucha Buigiri na Dodoma mjini: wanaojua kuandaa waje hapa

Zabibu Chachu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Tuko watu 14, wanaume tisa na wanawake watano, umri kati ya miaka 24 na 51. Wengi ni watu wa kukaa ofisini. Mwezi wa saba tunataka kutembea usiku kucha, mwendo wa kilomita 30 na ushee. Mpango ulivyo sasa: tunaanza Nyerere Square saa 12 jioni, tunashika barabara ya Morogoro hadi Buigiri, kosta inatufuata huko asubuhi. Hatushindani na mtu. Tunachotaka ni wote 14 wamalize.

Naomba mwongozo wa njia, mwendo, viatu, chakula na usalama. Wale wa "ngoja waje" piteni kimya kimya.

Kambi Popote

Ngoja waje.

Mkia wa Msafara

Mkuu, kabla hujafika kwenye viatu, geuza njia. Anzieni Buigiri, mmalizie mjini.

Kiangazi upepo wa Dodoma hutoka mashariki na kusini-mashariki. Mkitoka mjini kwenda Buigiri utawapiga usoni usiku kucha. Julai alfajiri nyuzi hushuka hadi 13 au 14, na mtu mwenye fulana iliyolowa jasho akisimama dakika tano tu kwenye upepo huo, meno yanagongana. Mkija mjini upepo unakuwa mgongoni. Halafu kuna suala la atakayeshindwa, maana watu huishiwa nguvu theluthi ya mwisho. Mkija mjini, theluthi ya mwisho ni Ihumwa, Nzuguni, taa, bajaji na maduka. Mkienda Buigiri, theluthi hiyo iko gizani.

Saa 12 jioni nayo ni mapema mno. Piga hesabu na kilomita 35 (pimeni wenyewe kwenye simu, inategemea mnaanzia wapi hasa). Kundi mchanganyiko hutembea dakika 12 kwa kilomita, hiyo ni saa 7 za miguu. Kuanzia kilomita ya 25 mwendo unashuka hadi dakika 15, ongeza nusu saa. Mkisimama kila kilomita 5 mnapata vituo sita: vinne vya dakika 8, viwili vya dakika 20, jumla dakika 72. Yote ni kama saa 8 na dakika 40. Mkianza saa 12 jioni mnafika saa 9 kasoro usiku, mji umelala, hakuna chai wala usafiri. Mkianza saa 4 usiku mnafika saa moja kasorobo asubuhi, ndipo jua la Julai linapochomoza hapa.

Huo muda wa vituo ndio unaovunja makundi. Kila mtu anapanga mwendo, hakuna anayepanga kusimama. Kundi la watu 14 lisilo na saa ya kituo litasimama dakika 25 kila mara: mmoja anatafuta soksi, mwingine anapiga picha, wa tatu ndiyo kwanza anakumbuka kujisaidia wenzake wakiwa wameshainuka. Zidisha mara sita, mmepoteza saa mbili na nusu, na misuli inapoa kila mara. Mtu mmoja ashike saa. Dakika mbili kabla ya muda anatangaza "mabegi mgongoni", muda ukifika anaondoka, hasubiri wala habembelezi.

Kambi Popote

Mnakuza mambo. Mwalimu mwaka 1967 alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, zaidi ya kilomita 200, na hakukuwa na mambo ya kuhesabu dakika za kituo.

Mkia wa Msafara

Alitembea kwa siku kadhaa, mchana, na usiku alilala. Hawa wanatembea saa ambazo mwili umezoea kulala. Ni kazi nyingine hiyo.

Nesi wa Zamu

Nianze na miguu kwa sababu ndiyo inayowatoa wengi barabarani, pumzi zao zikiwa bado nzima.

Lengelenge linatengenezwa na msuguano, joto na unyevu vikikutana. Ukiondoa kimoja umepunguza sana, kwa hiyo:

Viatu viwe raba mlizokwisha kuzivalia kilomita 80 hadi 100, zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Mguu huvimba ukiutumia muda mrefu. Nunueni jioni, si asubuhi. Anayechukua raba za mtumba pale Sabasaba azikunje mara kumi kabla ya kulipa na aangalie mshono wa soli. Raba iliyokaa miaka stoo gundi yake imekauka. Dukani inaonekana mpya, kilomita ya 15 soli inafunguka kama mdomo wa mamba.

Soksi: epukeni pamba tupu, inashika jasho na haikauki. Vaeni jozi mbili, ya ndani nyembamba na laini, ya juu nene kiasi, ili soksi zisuguane zenyewe kwa zenyewe na ngozi ipone. Bebeni jozi mbili za akiba kwenye mfuko wa nailoni. Badilisheni kilomita ya 15 na ya 25, hata kama hamwoni haja.

Kucha zikatwe siku tatu au nne kabla, si jioni ya safari. Ukikata siku hiyo hiyo pembe zinabaki kali na zinachoma kidole cha jirani.

Mafuta ya mgando yapakwe katikati ya vidole, kisigino, mapajani, kwapani, na kwa akina dada chini ya mkanda wa sidiria. Mapaja yanayosuguana huwa hayasemi kitu hadi kilomita ya 18, yakianza kusema umechelewa. Mpake tena kila kituo kirefu.

Sasa lililo kubwa: sehemu ikianza kuwaka moto, simama hapo hapo. Usiseme "nitafika kituoni". Kilomita mbili za kuvumilia ndizo zinazogeuza wekundu kuwa lengelenge. Kausha, bandika plasta ya kitambaa bila mikunjo, kata pembe zake ziwe za mviringo zisibanduke, vaa, endelea. Inachukua dakika nne.

Lengelenge dogo lisilouma lifunike tu. Kubwa lililojaa, linalokuzuia kukanyaga: safisha kwa spiriti, toboa ukingoni upande wa chini kwa sindano mpya ya duka la dawa, kamua polepole kwa shashi, usiivue ngozi ya juu, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Kila mtu sindano yake. Mwenye kisukari asiguse jambo hili mwenyewe, na kusema kweli kabla ya kujiandikisha aongee na daktari wake.

Zabibu Chachu

Shukrani sana dada. Na maji? Kuna anayetuambia tubebe lita tano tano.

Nesi wa Zamu

Lita tano ni kilo tano mgongoni, bila sababu. Usiku wa baridi wa Dodoma mtu wa kawaida anahitaji kama mililita 300 hadi 500 kwa saa. Mbebe lita moja na nusu kila mmoja, gari lijaze.

Kunywa kwa kiu, kidogo kidogo. Hewa hapa ni kavu na upepo unakausha jasho, kwa hiyo wengine hudhani hawapotezi maji. Ila kuna kosa la upande wa pili ambalo watu hawalijui: kunywa maji matupu kupita kiasi kunashusha chumvi ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole na pete kubana, halafu mtu anaanza kuongea ovyo. Wenzake wanadhani ana kiu, wanamwongezea maji, wanammaliza. Anayeongea ovyo anapelekwa hospitali, haongezewi chupa.

Chukueni pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), moja kwa lita moja ya maji, wala msiipunje maji. Mkikosa: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, kwa lita moja ya maji safi.

Dawa za maumivu: msimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla au wakati wa kutembea. Mwili uliopungukiwa maji na figo zinazofanya kazi usiku kucha havipatani na dawa hizo, tena zinaficha maumivu yanayokuonya. Najua ndizo za kwanza kuingia kwenye begi.

Raba Nyeupe

Niongeze mawili ya miguu.

Moja, mchanga na mbigili. Mkishuka pembeni ya lami vinaingia kiatuni kila hatua. Kateni shingo ya soksi kuukuu, sentimita 12 hivi, ivaeni kifundoni kisha ivuteni chini ifunike mdomo wa kiatu. Haina gharama na inafanya kazi.

Pili, lami yenyewe. Barabara imeinamishwa kuelekea kingo ili maji ya mvua yatiririke. Ukitembea saa nane upande mmoja, mguu mmoja uko chini kuliko mwingine muda wote, ndiyo maana watu wanalalamika nyonga au goti la nje, la upande mmoja tu. Penye kingo pana ya udongo ulioshindiliwa, tembeeni humo. Ni laini zaidi kwa nyayo na haina mwinamo huo.

Dereva wa Kosta

Naongea upande wa barabara maana humu nimeona watu wanapaka mafuta tu.

Hiyo ni njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, imechangamka zaidi saa hizo mnazozitaka. Dereva wa lori lenye mzigo hawezi kusimama kwa ajili yenu. Msitegemee hilo hata kidogo.

Tembeeni kulia, muyakabili magari yanayokuja. Mstari mmoja, hata mkiwa na hadithi tamu. Kila mtu kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, kivaliwe juu ya sweta na juu ya begi. Watu wanavaa kizibao, baridi ikiingia wanavaa koti juu yake, kwisha habari.

Jambo wasilolijua wengi: ukiwa kulia unaliona gari la mbele, ila gari la nyuma yako likilipita jingine linahamia upande wako. Hilo linakuja kwa mgongo wako na hulioni. Kwa hiyo wa mwisho kwenye mstari awe na taa nyekundu mgongoni, na kazi yake iwe kusikiliza nyuma. Akisikia injini mbili anapiga filimbi mara moja, wote wanatoka lami. Hairuhusiwi kuvaa spika za masikioni. Kama kuna muziki, uwe redio moja, sauti ndogo, katikati ya mstari.

Tochi za kichwani zielekezwe chini, hatua tatu mbele. Ukimmulika dereva usoni umempofusha, na wewe ndiye uliye karibu naye.

Gari lenu lisitambae nyuma yenu. Gari linalokwenda mwendo wa mguu barabara kuu usiku ni mwaliko wa kugongwa. Litangulie kilomita 5, litoke kabisa nje ya lami, liweke pembetatu, lisubiri. Mkifika linajaza maji, linatangulia tena.

Kambi Popote

Si mpite ile barabara mpya ya mzunguko wa nje? Hakuna msongamano.

Dereva wa Kosta

Ile ina kilomita 112.3 ikizunguka mji, na imejengwa makusudi ili malori yasiingie mjini. Ukiiwaza kama njia ya kukwepa malori umeenda kinyume. Anayeitaka akakague kipande chake chote mchana kwanza, ahesabu maduka na makazi yaliyopo.

Mzee wa Sungusungu

Mmesahau wenyeji. Watu 14 wenye tochi kichwani saa 8 usiku, kijiji cha watu, na hakuna aliyeambiwa. Mnataka kupigiwa yowe?

Andikeni barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), walau saa 48 kabla, isipungue hapo. Waandalizi makini hupeleka wiki mbili kabla. Barua itaje tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, njia, idadi ya watu, namba ya gari na simu za viongozi wawili. Kwa kuwa njia inakatisha Wilaya ya Chamwino na Dodoma mjini, pande zote mbili zipate nakala. Kisha nakala kwa watendaji wa vijiji na mitaa mtakayopita, wao ndio watakaowaambia vijana wa doria. Kiongozi wa mbele abebe nakala yenye mhuri mfukoni, si kwenye simu itakayozimika. Mkisimamishwa, asalimie huyo mmoja, wengine wakae kimya. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Wanyama: fisi wapo pembezoni mwa Dodoma, lakini kundi lenye taa hawaligusi. Wanachokifuata ni mabaki ya nyama, basi msitupe. Mtu asibaki nyuma peke yake kufunga kamba ya kiatu.

Wa kuogopwa ni moma. Ni nyoka mnene, mvivu, usiku hulala kwenye njia ya udongo kwa sababu inabaki na joto la mchana, na hakimbii ukija. Anayetembea kwenye udongo awashe tochi yake mwenyewe, asitegemee ya mwenzake. Kwenda kujisaidia ni wawili wawili, fimbo ikitangulia kugonga nyasi, msichuchumae kwenye lundo la mawe. Akiuma mtu: mkalishe, mguu usitikisike, vua kiatu na pete kabla havijabana, gari limpeleke hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Sumu yake inaoza nyama, ukiifungia sehemu moja unaongeza uharibifu.

Zabibu Chachu

Mzee shikamoo. Tarehe je? Tulifikiria siku tatu kabla ya mwezi mpevu, mwanga unakuwa mwingi mapema.

Mzee wa Sungusungu

Marahaba. Mngekuwa mnaanza jioni ningekubali. Mwezi wa siku tatu kabla unazama kwenye saa 10 alfajiri, unawaacha gizani saa ile ile mnayochoka. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50. Kwa kuanza saa 4 usiku chagueni usiku wa mwezi mpevu wenyewe, au siku moja au mbili baada yake: mkianza unakuwa umeshachomoza, na unakaa hadi asubuhi.

Mkia wa Msafara

Nyongeza ya kundi. Wekeni kiongozi wa mbele na mkia. Wa mbele asiwe mwenye mbio kuliko wote, awe anayeweza kushika dakika 12 bila kupandwa na mori. Mkia awe mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu atatembea polepole usiku kucha, na hilo linachosha. Hakuna anayebaki nyuma ya mkia. Mstari usizidi mita 50. Kila kituo mhesabu kwa namba, kila mtu na namba yake ya usiku mzima, 1 hadi 14. Kuhesabu vichwa kwa macho gizani hakuaminiki.

Mwendo wa kundi ni wa yule wa polepole, basi mwekeni wa pili au wa tatu kutoka mbele. Akikaa nyuma, kila kundi likivutika inabidi akimbizane nalo, anaishiwa nguvu mapema.

Mazoezi, kama zimebaki wiki nane: matembezi marefu mara moja kwa wiki, kilomita 10, 13, 16, 12, 20, 25, 12, halafu wiki ya mwisho vijitembezi vya nusu saa tu. Mojawapo lifanyike usiku, na begi na viatu vile vile. Asiyeweza kumaliza 20 mchana kwa mwendo wa dakika 13 asilazimishwe, ajiunge Ihumwa, atembee kipande cha mwisho. Naye ni mshiriki.

Raba Nyeupe

Chakula. Kuleni chakula kizito kati ya saa 12 na saa 1 jioni, ugali au wali, maharage kidogo, pilipili hapana. Barabarani kila saa mtu atafune kitu cha gramu 30 hadi 60 za wanga: ndizi mbivu moja kubwa ina karibu 25, tende nne ndogo kama 20. Zabibu kavu ziko Dodoma hapa hapa. Kiazi kitamu cha kuchemsha chenye chumvi kinaliwa hata na aliyechoka utamu. Karanga ni nzuri, lakini chache, mafuta yanakaa tumboni. Chipsi na mishikaki ya njiani iacheni.

Kituo kirefu cha kwanza, kilomita ya 15, uji wa moto wa ulezi kwenye chupa za chai. Cha pili, kilomita ya 25, chai ya tangawizi yenye sukari nyingi.

Usingizi unashika kweli kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, mwili unapokuwa na joto dogo kuliko saa zote. Kahawa inywewe saa 8, ifanye kazi kabla usingizi haujaja. Anayeyumba alale garini dakika 15, kwa saa ya mkononi, shuka juu yake. Akizidisha nusu saa anaamka mzito kuliko alivyolala.

Nguo: fulana ya michezo, sweta jepesi, koti la upepo, kofia ya kuziba masikio. Anzeni mkihisi baridi kidogo. Kila mkisimama vaa kwanza, kisha ndiyo ukae. Begi zima lisizidi kilo nne.

Kambi Popote

Nakubali yaishe. Swali la kweli sasa: anayetaka kuacha ila anaona aibu, mnamjuaje?

Mkia wa Msafara

Anaacha kula. Kisha anaacha kuongea, anakataa kuvua viatu kituoni, na hatua zake zinalia tofauti, mguu mmoja unaburuzwa. Mkia ndiye anayesikia. Kubalianeni mapema kwamba mkia, au nesi kama mnaye, akisema "gari", hakuna mjadala, na hakuna picha.

Dereva wa Kosta

La mwisho kutoka kwangu. Kosta ya kuwapeleka Buigiri na gari la vituo viwe viwili. Dereva wa gari la vituo awe amelala mchana, maana naye anakesha. Asubuhi kosta iwachukue hapo mnapomalizia na kumshusha kila mtu mlangoni kwake. Msipande bodaboda, na aliyeacha gari lake mjini asiliguse hadi alale kwa muda wa saa nne au tano. Mafuta ya gari la vituo yajazwe kabla ya kutoka mjini, injini izimwe kila kituo, taa za dharura zibaki zinawaka. Betri ikiwa dhaifu, badilisheni gari, si mpango.